Nyanya Mbele ya Gurudumu

Buyenzi, 14 Novemba 1994

Mujomba wangu Ilyasi,

Asalam alekum. Mama anakusalimia sana, dada yako ni yule yule, asubuhi analia juu ya mgongo na jioni anagombeza mtaa muzima. Tuko wazima, alhamdulilahi. Anauliza goti lako limefika wapi. Ulisema unaenda Kigoma kwa dawa ya goti, lakini mi hapa sijapata hata mutu mumoja aliyekuona ukichechemea. Njo maana anauliza.

Anayekuletea barua hii ni Mugisho, fundi wa mashine ya boti. Mupe kiti na maji, na kama chakula kiko, mupe, juu anasafiri na tumbo tupu. We mwenyewe ulitufunza: mwenye kuleta barua anakaa kwanza, anakunywa, kisha barua inafunguliwa.

Sasa neno langu. Mbuzi, ile pikipiki yako ya trial, ya mchezo wa kupanda mawe, imelala chini ya turubai tangu mwezi wa nane. Panya wameanza kuonja waya. Nimeitoa, nimeipangusa, imewaka kwa teke la tatu. Nataka kuijua, Mujomba. Pikipiki ya kawaida ulinifunza, lakini hii haina kiti, inataka mutu asimame, na mi nikisimama naanguka. Jana nimeangukia ndoo ya oili, Anouar muchomeleaji amecheka mpaka akakaa chini. Niambie vitu viwili: namna ya kusimama nayo bila kushusha muguu, na namna ya kuinua gurudumu la mbele. Duka la vipuri nalifungua mimi kila siku, na siku za ville morte, vijana wakifunga mji, taksi hazitembei. Mutu anayeweza kupita juu ya mawe anafika kwake.

Tena kitu kidogo. Kwenye keria, ile chuma ya nyuma uliyochomelea ili kubeba mutu, nimekuta kipande cha kitambaa cha bulu kimenasa. Ni cha nini?

Mupwa wako,
Yasmina

*

Kigoma, 2 Disemba 1994

Mpwa wangu Yasmina,

Wa alaikum salaam. Msalimie sana dada yangu, mwambie goti linaendelea. Mimi ni mzima. Hapa wananicheka nikisema "muguu" na "mukono", basi najikaza kuandika kama mwalimu, usinishangae.

Barua nimeichukua kwa Byamungu, muuza sabuni sokoni. Huyo Mugisho hakuniona na sitaki anione. Maji na chakula Byamungu atampa. Barua zako ziachwe pale pale dukani, na usimtajie mtu mtaa ninaolala, hata akikuapia kwa kaburi la mama yake.

Sasa na mimi nina swali. Umeuza vipuri kwangu miaka minne, hujawahi kuniuliza kuhusu Mbuzi. Leo, mji umejaa vizuizi, unataka kujua namna ya kupita juu ya mawe. Maswali hayo huulizwa na wanaume wenye haraka. Nani kakushikisha kalamu? Anouar? Yule kijana anacheka sana, na mtu anayecheka sana huwa anaangalia kitu kingine.

Nitakupima. Weka gurudumu la mbele liguse ukuta wa garaji. Geuza usukani wote kushoto. Simama kwenye vikanyagio, magoti yalegee, breki ya mbele ishike kwa kidole kimoja, na vidole viwili vya kushoto vikae juu ya klachi. Macho yatazame kitu kisichotembea, alama moja ukutani. Ukitazama gurudumu umekwisha. Kila ukishusha mguu ni kosa moja, hesabu makosa yako. Fanya hivyo wiki tatu, halafu niandikie ni wapi panauma. Aliyesimama kweli ana mahali panapouma ambapo hawezi kupajua kwa kusikia.

Kuinua gurudumu sitakufunza. Kitambaa ni cha kufutia oili. Kitupe.

Mjomba wako,
Ilyasi

*

Buyenzi, 8 Januari 1995

Mujomba,

Asalam alekum, na heri ya mwaka wa watu wa kanisa. Mama ni mzima, amekasirika tu juu umeandika "goti linaendelea" na hukusema linaendelea wapi.

Haya, andika kwenye daftari lako. Panauma kidole cha shahada na cha kati cha mukono wa kushoto, asubuhi siwezi kushika kikombe. Panauma katikati ya nyayo zote mbili, kama nimepanda ngazi siku nzima. Na paja la kulia linatetemeka kuliko la kushoto, sijui juu ya nini. Wiki ya kwanza nilihesabu makosa mpaka nikachoka kuhesabu. Jana nimesimama mbali na ukuta, Mama alimaliza kuchambua sahani nzima ya mchele na mi bado niko juu. Anouar safari hii hakucheka. Kalamu ni yangu, Mujomba. Umeridhika?

Sasa nami nikupime. Kitambaa chako cha kufutia oili kiko na kifungo. Ni mufuko wa shati. Shati la bulu la kazi, kama lile la rafiki yako Térence, la kiwanda chake pale Quartier Industriel.

Ulituambia siku ile ya ville morte muliachana na Térence kule Kigobe, mulipomaliza kutengeneza jenereta ya muzee mumoja, kila mutu akashika njia yake. Tangu siku ile watoto wa mitaa walipofunga barabara na magogo, hakuna aliyemuona. Mutu aliyekula Idi kwetu miaka kumi na tano! Mutu mulioendesha naye mawe ya mto pamoja, mukavunja Mbuzi pamoja, mukaitengeneza pamoja. Siku mbili baadaye we ukapanda boti. Barua yako ina mistari mingi, umeuliza habari za Anouar, na Térence hukumuuliza hata mara moja. Mbona?

Yasmina

*

Kigoma, 29 Januari 1995

Mpwa wangu,

Wa alaikum salaam. Ramadhani inakaribia, Mungu atufikishe. Nimewatumia dagaa debe moja kwa mkono wa mwenye boti.

Nimeridhika. Paja la kulia linatetemeka kwa sababu usukani umelala kushoto, mwili unakwenda kulia kutafuta mizani. Hakuna anayejua hilo ila aliyelipata pajani. Uko vizuri kuliko mimi nilivyokuwa, na nilikuwa nimefunzwa na Wabelgiji wa klabu ya pikipiki wenye buti za ngozi.

Sasa punguza upepo wa matairi, ukibonyeza kwa dole gumba tairi liingie kidogo. Tembea gia ya kwanza, polepole kuliko mtu mgonjwa, simama, hesabu kumi, tembea tena. Usikamate usukani kama unamnyonga kuku. Mikono ikiwa laini, pikipiki inakwambia mapema inataka kuangukia wapi.

Jambo lingine. Ile keria ya nyuma mwambie Anouar aikate. Leo, si kesho. Pikipiki ya trial haibebi mtu wa pili. Nilikosea kuichomelea.

Kuhusu lile uliloniuliza, mji huo umejaa watu ambao hawakuonekana tena. Nikianza kuuliza jina moja itabidi niulize yote. Mengine yaache yalale.

Ilyasi

*

Buyenzi, 6 Machi 1995

Mujomba,

Idi njema, hata kama imepita siku tatu. Dagaa tumepata, debe moja, nusu yake mchanga. Mama anakuombea heri, ila amenuna na mimi juu ya nyanya. Mwezi muzima tunakula mchuzi wa nyanya, mpaka siku ya Idi pilau ilikuwa nyekundu. Anasema nitageuka nyanya mimi mwenyewe.

Ni hivi. Napanga nyanya saba kwenye uwanja nyuma ya garaji, moja kila hatua tatu. Nakuja polepole, nabonyeza usukani chini, ukirudi juu nafungua gesi, mafuta yaingie, na kuachia klachi kwa vile vidole viwili, matako nyuma, mikono inyooke. Gurudumu linapita juu ya nyanya na kushuka mbele yake. Iliyopasuka inaenda kwa Mama. Mwanzo zilipasuka saba zote. Sasa ni mbili, siku mbaya tatu. Na nimejua kuweka muguu juu ya breki ya nyuma, juu siku moja niliinua mpaka nikaona mbingu, na Mbuzi ikaenda peke yake hadi kwenye ukuta wa jirani. Taa haikuvunjika. Uliovunjika ni ukuta.

Ulikataa kunifunza, najua. Nimejifunza.

Keria haijakatwa. Anouar amesema gesi ya kukatia imekwisha, na ukweli ni kwamba sijamwomba.

Kuna mutu ameniambia kwamba we zamani ulisema Bismillah kwa sauti kila ukitaka kuinua gurudumu na mutu nyuma, na huyo wa nyuma akisikia anaegemea mbele. Ni kweli?

Yasmina

*

Kigoma, 19 Machi 1995

Yasmina,

Salaam.

Nani kakufunza nyanya?

Usinichezee. Wabelgiji walitumia chupa. Katika Bujumbura nzima ni watu wawili tu waliotumia nyanya, na mmoja ni mimi. Na Bismillah je? Hata mama yako haijui hiyo. Tulikuwa tunaitumia tukiwa wawili, njiani, hakuna wa tatu aliyesikia.

Mtu huyo ana sura gani? Anatembea namna gani? La, usiniambie. Nasikia wako watu wanaotumwa kutafuta wengine, wanaanza kwa watoto wa nyumbani, kwa maneno matamu na ufundi. Leo anakupa nyanya, kesho atakuuliza mjomba wako analala wapi. Ameshakuuliza? Jibu hilo tu.

Usipande tena Mbuzi. Kata keria.

Ilyasi

*

Buyenzi, 20 Aprili 1995

Mujomba,

Asalam alekum. Mumesikia kwa redio mauaji ya Bwiza ya mwezi uliopita. Ni ng'ambo ya barabara tu, na kwetu pia yalifika. Sisi tuko wazima, garaji iko, ila watu kumi na wawili walilala kwenye duka la vipuri siku tisa, na Mama aliwapikia wote. Hakuwauliza kabila. Mchuzi ulikuwa wa nyanya.

Barua yako haikumusalimia Mama. Nilipomusomea nilimuongezea salamu zako mimi mwenyewe, utanilipa kwa Mungu.

Unauliza kama mutu huyo ameniuliza unalala wapi. Apana. Tangu mwezi wa kwanza ameniomba kitu kimoja tu: nisikuambie lolote juu yake mpaka we mwenyewe uulize. Uulize kwa jina. Nilimuahidi. Nilidhani ni ahadi ya siku mbili tatu, juu nilisema, mujomba wangu ni mutu wa roho nzuri, barua inayofuata atauliza. Barua mbili sasa, Mujomba. Unauliza sura, unauliza mwendo, jina hulitaji. Umeandika "mmoja ni mimi" na wa pili ukamuacha hapo hapo.

Mi nimeanza kukuogopa kidogo, na sipendi. We ndiye uliyenibeba mabegani kwenda kuchukua cheti cha shule ya msingi. Njo maana nasema wazi: uliza.

Yasmina

*

Buyenzi, 28 Mei 1995

Mujomba,

Wiki tano hakuna jibu. Mugisho anasema barua yangu uliichukua kwa Byamungu, kwa hiyo haikupotea. Asalam alekum.

Siwezi kungoja tena, navunja ahadi. Térence yuko hai. Yuko Carama, kwenye shamba la nyanya la Mama Concilie. Mwezi wa kwanza Concilie alikuja sokoni kwetu na kikapu, akapita mbele ya garaji, akaiona Mbuzi, akarudi mara tatu kuitazama. Mwisho akaniuliza, "Hii ni ya Ilyasi?" Yeye njo alimukuta siku ile kwenye mufereji chini ya bariyeri, kile kizuizi cha magogo, muguu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Walimubeba kwa kitanda cha wagonjwa mpaka kwake. Munganga wa mifupa aliufunga muguu, umepona umepinda. Siku za utulivu napita njia ya mashamba kwenda kwake. Anakaa juu ya kiti na kunipigia kelele: "Mikono laini! Angalia unakokwenda!" Nyanya ni zake.

Sasa Kinama imezungukwa na wanajeshi, na watu wanasema baada ya Kinama ni Carama. Térence hawezi kukimbia, na watoto wa ile bariyeri wanamujua kwa sura na kwa jina. Mugisho amekubali kumuficha kwenye boti akifika bandarini. Kutoka kule mpaka bandarini kwa barabara hakupitiki. Njia ya mashamba iko na daraja moja dogo, na juu yake wameweka gogo linalofika kwenye goti langu. Peke yangu nalipita. Na mutu nyuma sijui.

Njo swali langu, na uniache na mambo ya "kata keria". Mutu wa nyuma anakaaje? Anashika wapi? Térence anasema siku ile alikushika mkanda, mikono ikamuponyoka juu ya jasho, akaanguka, we hukujua mpaka ulipofika mbali. Anajilaumu, anasema kama angeshika vizuri usingepata aibu ya kurudi bila yeye. Lakini nikimuuliza kama ulisema Bismillah siku ile, anainamia nyanya zake.

Ulimuambia Mama muliachana Kigobe. Mujomba, ilikuwaje?

Yasmina

*

Kigoma, 9 Juni 1995

Yasmina, binti yangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako niliisoma nimesimama dukani kwa Byamungu, halafu nikaisoma tena nimekaa juu ya makatoni ya sabuni. Byamungu alidhani nimefiwa. Nikamwambia ni kinyume chake.

Kazi kwanza, maana siku hazingoji. Keria isikatwe. Funga juu yake gunia lililokunjwa mara nne. Tairi la nyuma lipe upepo wa kutosha, la mbele punguza. Njoo kwenye gogo gia ya kwanza, na gurudumu likibakiza hatua moja, bonyeza, inua, kama kwa nyanya, ila mapema kidogo kwa sababu uzito wa nyuma utakusaidia kuinua kuliko ulivyozoea. Mkikaa vibaya mtapinduka. Gurudumu la mbele likishapanda gogo, funga gesi, egemeeni mbele nyote wawili, la nyuma litafuata lenyewe. Usifungue gesi tena kwa pupa.

Térence asikushike mkanda. Asishike kitu chochote ambacho wewe unaweza kumbandua. Mfunge mgongoni kwa kitenge, kama mama anavyombeba mtoto, fundo lije kifuani kwako. Dada yangu akisema ni aibu, mwambie mimi ndiye niliyeruhusu. Ukimfunga hivyo, akianguka mnaanguka wote. Ndivyo inavyotakiwa.

Na kabla ya kuinua sema Bismillah kwa sauti, hata kama wapo watu. Akisikia ataegemea mbele. Ilikuwa alama yetu miaka kumi na tano, na yeye Mkristo. Alikuwa akisema Mungu wetu anajua klachi.

Siku ile sikusema.

Tulikuwa tumetoka Kigobe. Gogo lilikuwa la mkaratusi, na nyuma yetu walikuwa wanakimbia kama kumi, wana mapanga. Niliona Mbuzi haitapanda na watu wawili, au nilitaka kuona hivyo. Nilirudisha kiwiko cha kulia nikampiga chini ya mbavu. Hakuachia. Nikampiga tena. Mara ya pili vidole vyake vikatoka kwenye mkanda wangu, ndipo nikainua. Nilisikia alivyoanguka. Sikugeuka. Kama ningesema Bismillah angeegemea mbele, na leo najua tungepanda wote, hesabu hiyo nimeipiga kila siku tangu nifike hapa. Sikusema kwa sababu mtu hataji jina la Mungu akifanya jambo kama lile.

Mikono yake haikuponyoka. Msomee barua hii yote, usiruke neno, usimpunguzie wala usiniongezee salamu.

Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma hata siku moja.

Hukuona nikimuuliza kwa sababu ukimuuliza mtu ni lazima ungoje jibu, na mimi majibu yote mawili nilikuwa nayaogopa, la kufa na la kuishi. Sasa nauliza. Térence anaendeleaje? Térence, rafiki yangu, anaendeleaje?

Ilyasi

*

Buyenzi, 24 Juni 1995

Mujomba,

Asalam alekum. Mama hakusalimii. Nilimusomea na yeye, yote. Alivaa mtandio wake akaenda kukaa kwa jirani mpaka magharibi. Jana ameanza tena kusema jina lako, kwa hasira, lakini amelisema.

Térence nilimusomea Carama, alikuwa anachagua nyanya za sokoni, nzuri huku, mbovu huku. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye kiwiko alikuwa na nyanya moja mukononi, akaishika mpaka ikapasuka na maji yakashuka kwenye mukono wa shati, na hakuona. Aliniomba nirudie pale. Nikarudia. Akajigusa chini ya mbavu, upande wa kulia, akasema, "Miezi kumi nilidhani ni jiwe la wale watoto." Concilie alileta chakula, kikapoa, akakitoa. Mwisho alisema, "Tuende," basi.

Tulitoka siku ya alhamisi saa saba ya mchana, juu saa hiyo watoto wa bariyeri wanaenda kula. Concilie alimufunga mgongoni kwangu na vitenge viwili, kimoja hakikutosha, muzee ana mifupa mirefu. Muguu uliopinda ulining'inia kama wa panzi. Ningecheka kama nisingekuwa naogopa. Tulipofika kwenye daraja, wote walikuwa wamekwenda ila wawili, wanacheza karata juu ya gogo lenyewe.

Nikasimama. Kushusha muguu siwezi, na mutu mgongoni tungeanguka kwenye maji. Basi nilisimama kama ulivyonifunza, usukani kushoto, mikono laini, nikatazama mwisho wa gogo, wao sikuwatazama. Paja la kulia likaanza. Mumoja akasema, "Yoo! Ni mwanamke!" Wakainuka kutushangaa vizuri, wakatoka kwenye gogo. Pikipiki imesimama haianguki, na mwanamke juu, na muzee amefungwa kama mutoto mgongoni, nadhani hawakujua waanze kuuliza nini. Mi nikasema Bismillah kwa sauti yote niliyonayo. Nikasikia kifua cha Térence kinakuja mbele juu ya mgongo wangu, pale pale, kabla sijamaliza neno. Mbuzi ikapanda. Mumoja wa wale watoto akapiga makofi, wallahi sikudanganyi. Walipokumbuka kazi iliyowaweka pale tulikuwa tumeshaingia kwenye mpunga.

Nililia mpaka bandarini. Yeye hakulia. Boti haikuwa tayari, tukarudi nyumbani kwa njia ya viwanda, amekaa kwetu siku tisa kwenye chumba cha vipuri. Mama alimupa kitanda chake. Siku zote tisa jina lako hakulisema. Mara moja tu aliniuliza mtaa unaolala. Ulinikataza kumutajia mutu, hata akiapa. Yeye hakuapa. Nimemuambia mtaa, na nyumba, na rangi ya mlango ambayo Byamungu alimuambia Mugisho.

Sasa njo ujue, barua hii sikumupa Mugisho mukononi. Anayekuletea ni yeye mwenyewe, Térence. Nilimuuliza mara mbili anakuja kukufanya nini, kukukumbatia au kukurudishia kile kiwiko. Mara ya kwanza aliendelea kupanga vipuri, mara ya pili aliniambia nimupigie pasi shati la bulu. Nimepiga. Ule mufuko wenye kifungo nimeushona mahali pake, sikuutupa ulivyoniambia. Mi siko na hakika ya kitu chochote, Mujomba, na nimeogopa juu yako kama nilivyoogopa juu yake.

Mwenye kuleta barua anakaa kwanza, anakunywa, kisha barua inafunguliwa. Kama umeifungua kabla, ikunje. Mupe kiti kirefu, juu muguu wa kushoto haukunjiki vizuri, na maji umupe kwa mukono wako.

Mupwa wako,
Yasmina